Je, Wajua? Masasi Iko Njiani Kwenda Nchi Isiyo na Bahari

Tanzania inapakana na nchi nane, na tano kati ya hizo hazina pwani: Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Mazungumzo ya biashara ya mipakani kwa kawaida huishia Tunduma, Rusumo, Mutukula na Kasumulu, kwa sababu huko ndiko foleni za malori zinakoonekana. Kusini huwa hakutajwi. Hapa tumekusanya mambo ya upande huo: Masasi, Newala, uwanda wa Makonde na Mto Ruvuma unaopita chini yake. Yasome kwa pamoja, nawe utaona kwamba eneo ambalo wengi hulihesabu kuwa mwisho wa nchi limekuwa, kwa zaidi ya miaka 150, njia ya kutoka ziwani kwenda baharini.

Je, wajua kwamba Masasi ilikua kutokana na safari ambayo haikufika ilikokusudiwa?

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Lindi akiwa na kundi la watumwa walioachiwa huru Zanzibar. Ni Steere yuleyule aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, na aliyechapisha vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili. Nia ilikuwa kuwarudisha watu wale upande wa Ziwa Nyasa, nchi ambako wengi wao walikuwa wametekwa. Walipofika kwenye vilima vya mawe vya Masasi walitua mizigo, wakaipenda ardhi, wakabaki. Makazi yao ndiyo yaliyokuja kuwa kitovu cha misheni na shule za kusini.

Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na Wangoni, ambao wamisionari waliwaita Magwangwara. Padri Chauncy Maples alihamisha kazi yake Newala, juu uwandani. Baadaye akaelekea ziwani, na mwaka 1895 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Likoma. Mwezi Septemba mwaka huohuo chombo chake kilizama ziwani naye akafa maji kabla ya kulifikia jimbo lake.

Je, wajua kwamba Likoma ni kisiwa cha Malawi kilichozungukwa na maji ya Msumbiji?

Likoma na jirani yake Chizumulu viko karibu kabisa na ufuko wa Msumbiji, lakini ni mali ya Malawi. Sababu ni misheni ileile iliyopita Masasi na Newala. UMCA ilikuwa imeweka makao yake makuu Likoma tangu miaka ya 1880, kwa hiyo Waingereza na Wareno walipogawana maji, kisiwa kilibaki mikononi mwa Waingereza. Kanisa kuu la mawe lililoanza kujengwa huko mwaka 1903 bado linatumika hadi leo.

Je, wajua kwamba sehemu moja ya Mto Ruvuma imeingia katika historia mara tatu, na kila mara kwa ajili ya kupita?

Sehemu hiyo ni Negomano, karibu na mahali Mto Lugenda unapoingia Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji. Upande wa Tanzania ni Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Masasi.

Wa kwanza ni David Livingstone. Mwaka 1861 na tena mwaka 1862 alijaribu kupanda Ruvuma kwa chombo. Alikuwa anatafuta mlango wa kufikia Ziwa Nyasa ambao hautapita kwenye forodha za Wareno, kwa maana njia ya Zambezi ilikuwa chini yao. Maji haba na mawe vilimrudisha. Mwaka 1866 alirudi kwa miguu akianzia Mikindani, na mwezi Mei alikuwa Negomano. Safari hii alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, kwa sababu alitaka kuona kama kuna mnyama wa mizigo anayeweza kustahimili mbung'o. Wanyama walidhoofu na kufa mmoja baada ya mwingine. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana: kama hakuna mnyama wa kubeba, basi kila pembe ya ndovu, kila furushi la nguo na kila kibaba cha chumvi kilichopita kati ya Nyasa na pwani kilipita juu ya kichwa au bega la mtu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mtumwa, na akifika pwani aliuzwa pamoja na mzigo alioubeba.

Wa pili ni Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Tarehe 25 Novemba 1917, akiwa amebanwa na Waingereza na ameishiwa karibu kila kitu, alivuka Ruvuma na jeshi lake na kuipiga ngome ya Wareno iliyokuwa Negomano. Aliteka bunduki, risasi na chakula, akaendelea kupigana ndani ya Msumbiji kwa miezi mingi. Alikuja kuweka silaha chini kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu siku aliyovuka. Newala nayo haikunusurika na vita hivyo. Mwishoni mwa 1916 Wareno walivuka mto na kuikalia, kisha Wajerumani wakawazingira hadi wakaiacha na kurudi ng'ambo. Vitabu vingi huhesabu askari tu. Wapagazi, wake zao, na wanavijiji ambao maghala yao yalifagiliwa na kila jeshi lililopita, walikufa kwa wingi mkubwa zaidi, na makaburi yao hayana alama.

Mara ya tatu ni tarehe 12 Mei 2010, siku ambayo Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja. Lina urefu wa mita 720. Fikra ya kuwa na daraja hapo ilianza tangu enzi za Mwalimu Nyerere na Samora Machel, mara Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, lakini jiwe la msingi lilikuja kuwekwa Oktoba 2005 na Rais Benjamin Mkapa na Rais Guebuza. Gharama zilibebwa na serikali hizo mbili. Kwa Mkapa hii ilikuwa kazi ya nyumbani, maana alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, na huko ndiko alikozikwa Julai 2020.

Je, wajua kwamba dereva akivuka Daraja la Umoja habadilishi upande wa barabara?

Ureno iliacha kuendesha kushoto mwaka 1928 ikahamia kulia. Msumbiji, ingawa ilikuwa koloni lake, ilibaki kushoto kwa sababu nchi zote zinazopakana nayo huendesha kushoto. Dereva wa Masasi anayekwenda Mueda hana la kujifunza upya barabarani, tofauti na mwenzake anayevuka Rusumo kuingia Rwanda, ambako lazima ahamie kulia mara moja.

Tatizo la Mtambaswala lilikuwa barabara yenyewe. Daraja lilipofunguliwa halikuwa na lami ya kuliunganisha upande wowote. Upande wa Tanzania lami ya Mangaka hadi Mtambaswala, kilomita zipatazo 65, ilikuja baadaye. Upande wa Msumbiji, kutoka Negomano kupanda hadi Mueda, malori yaliendelea kwa miaka mingi kupambana na vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Kwa hiyo daraja zuri kama hilo lilipitisha magari machache mno kuliko uwezo wake. Naona hapa ndipo mipango yetu ya mipakani inapokosea mara kwa mara: sherehe hufanyika mtoni, ilhali biashara inakwama kilomita 100 kutoka mtoni.

Kabla ya daraja, gari lililotaka kuvuka lilikwenda karibu na pwani, Kilambo, kusubiri kivuko cha kwenda Namoto. Kivuko hicho kilitegemea kina cha maji, na maji yakipwa kilikaa.

Je, wajua kwamba fedha ya Msumbiji ilizinduliwa katika siku ya kumbukumbu ya Mueda?

Mueda iko juu ya uwanda wa Wamakonde wa upande wa pili. Ukisimama Newala mahali panapoitwa Shimo la Mungu, penye genge linaloshuka ghafla, unaliona bonde la Ruvuma lote na ardhi ya Msumbiji ikiinuka kwa mbali. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kudai haki zao, na askari wa Kireno wakawafyatulia risasi. Miaka 20 baadaye, tarehe 16 Juni 1980, Msumbiji iliachana na eskudo ya enzi za Wareno na kuanza kutumia metikali. Kwa mfanyabiashara wa Newala anayebadilisha shilingi kwa metikali, noti ile ina tarehe ambayo kwa familia nyingi za Kimakonde ni tarehe ya msiba.

Vita vya FRELIMO vya kuikomboa Msumbiji vilianza Septemba 1964. Kambi kuu ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, jirani na Masasi, na silaha, dawa na chakula vilishuka kutoka huko kuelekea mtoni. Kwa miaka kumi njia za biashara ya kawaida ziligeuka kuwa njia za vita.

Je, wajua kwamba Sheria ya Bahari si ya wenye bahari peke yao?

Duniani kuna nchi 44 zisizopakana na bahari, na 16 kati yake ziko Afrika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazipa nchi hizo haki ya kufika baharini na kupitisha mizigo katika nchi jirani. Lakini namna ya kuitumia haki hiyo huachwa kwa makubaliano kati ya nchi husika, na hapo ndipo penye uzito: ada za barabara, dhamana za forodha, mizani, vibali. Zipo nchi mbili ambazo zimezungukwa na nchi zisizo na bahari pande zote, Liechtenstein na Uzbekistani, kwa hiyo mzigo wao lazima uvuke mipaka isiyopungua miwili kabla ya kuona maji ya chumvi.

Malawi ina majirani watatu tu: Tanzania, Zambia na Msumbiji. Kwa asili bandari zake ni Beira na Nacala za Msumbiji. Vita vya waasi wa RENAMO vilipozikata reli za bandari hizo katika miaka ya 1980, Malawi ilibanwa sana. Ikalazimika kupitisha mizigo kwa njia ndefu za kusini, na pia ikageukia kaskazini: ikajenga vituo vyake vya kupokelea mizigo Dar es Salaam na Mbeya, ambavyo viliendelea kufanya kazi hata baada ya amani kurudi. Kuwa na njia zaidi ya moja ya kwenda baharini ndilo jambo nchi ya namna hiyo hulihitaji kuliko bei nafuu ya njia moja.

Je, wajua kwamba Masasi iliwahi kuwa na reli?

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga bandari mpya Mtwara, penye kina kikubwa cha asili, pamoja na reli ya kutoka bandarini kwenda bara. Mradi wa karanga ulivunjika mwaka 1951 kabla bandari haijakamilika. Reli iliendelea kwa muda, ikapata tawi hadi Masasi, lakini mzigo haukutosha, na mapema katika miaka ya 1960 ilifungwa na kung'olewa. Bandari ilibaki. Ni bandari iliyojengwa kwa ajili ya zao moja, na baadaye ikaja kuishi kwa zao jingine kabisa, korosho.

Kwa miongo mingi baada ya hapo kusini palikuwa pamefungiwa ndani ingawa pana bahari. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, mvua zikizidi, watu wa Mtwara na Lindi hawakuwa na barabara ya kufika Dar es Salaam. Na kutoka Masasi kwenda Tunduru na Songea, safari ya masika ilikuwa ya kulala njiani, kusukuma basi na kungoja mto upungue. Mtu wa Newala anaielewa Malawi bila kufundishwa.

Je, wajua kwamba bei ya korosho huvuka mto kirahisi kuliko binadamu?

Mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa Afrika Mashariki na Wareno. Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde, ambao hauhifadhi maji kiasi kwamba zamani kina mama wa Newala walishuka genge zima kutafuta ndoo ya maji, uliufaa mti huu vizuri sana. Leo maisha ya Masasi, Newala na Tandahimba huhesabiwa kwa msimu wa korosho: ada za shule, mahari, mabati, pikipiki.

Tangu mwaka 2007 korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapelekwa ghala kuu, kisha unauzwa mnadani chini ya vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Pembeni ya mfumo huo kuna kangomba. Mnunuzi wa kangomba humfuata mkulima mapema, wakati nyumbani hakuna kitu, akampa fedha kidogo na kuchukua korosho kwa kipimo chake mwenyewe kisichofuata mizani. Ni biashara haramu, na inaumiza watu waliokwisha kubanwa na njaa.

Mpaka unaingia hapa kwa namna rahisi. Bei ya upande mmoja ikipanda, magunia ya upande wa pili huanza kutafuta mitumbwi. Mwezi Novemba 2018, wanunuzi walipokuwa wamesuasua na wakulima wamekataa bei, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Kabla ya kulipwa, mkulima alifanyiwa uhakiki kwamba ana shamba la kutoa kiasi hicho. Hofu ilikuwa kangomba, pia korosho za ng'ambo ya Ruvuma. Uhakiki huo uliwachelewesha wengi waliokuwa na mashamba yao halali kabisa, na ucheleweshaji wa fedha ya korosho si jambo dogo kwa nyumba inayoitegemea mwaka mzima.

Mbaazi zina hadithi kali zaidi. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliwekea ukomo mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei ya mkulima wa Masasi ikaporomoka. Lakini Msumbiji ilikuwa imesaini makubaliano na India mwaka mmoja kabla, Julai 2016, na ukomo huo haukugusa mikataba ya serikali kwa serikali. Mbaazi ileile, mvua ileile, mto mmoja katikati: upande mmoja una soko, upande mwingine mbaazi zinaoza ghalani. Kwa mkulima wa kando ya mto, saini iliyowekwa Maputo ilikuwa na maana kuliko kilimo chake bora.

Je, wajua kwamba Mtambaswala si mpaka wa Afrika Mashariki?

Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye bidhaa anayevuka hapo hutumia taratibu za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama. Cheti cha uasilia cha SADC ndicho kinachompunguzia ushuru, na asiyekijua hulipa kama mgeni kabisa. Maafisa wa upande wa pili huandika Kireno. Hata hivyo kwenye gati za mitumbwi na masoko ya vijijini watu huelewana kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kiswahili, kwa maana mpaka huu ulichorwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, ukawakuta watu wale wakiwa na mashamba, wakwe na makaburi pande zote mbili.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Wamakonde kutoka Msumbiji walivuka Ruvuma kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baadhi wakafika Kwale, Kenya, kwenye miwa na mkonge. Wazao wao walikaa huko bila uraia hadi Oktoba 2016, walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Walipewa.

Je, wajua kwamba mto unaweza kufungwa bila kuwekwa lango?

Tangu Oktoba 2017 machafuko ya silaha yameitesa Cabo Delgado, jimbo linalotazamana na Mtwara. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa. Machi 2021 Palma ilipovamiwa, maelfu walikimbilia Ruvuma, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya waliovuka walirudishwa kupitia Negomano. Biashara ya kando ya mto ilikauka. Mwanamke aliyezoea kuvuka na samaki wakavu au ndoo za plastiki alitazamwa kwa mashaka na pande zote mbili, naye ndiye aliyekuwa na kinga ndogo kuliko wote.

Je, wajua kwamba njia ya Steere inajengwa upya?

Desemba 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilisaini makubaliano ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara. Lengo ni barabara na hatimaye reli kutoka Mtwara, kupita Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga, hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kisha meli hadi Nkhata Bay, Malawi. Lami sasa imefika ziwani. Bandari mpya ya Mbamba Bay imeanza kujengwa. Reli bado iko kwenye makaratasi, pamoja na chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma inayotarajiwa kuyabeba.

Makaa ya mawe ya Ngaka, kwa upande wake, hayakungoja reli. Yamelisha kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara, kilichofunguliwa mwaka 2015, kisha bei ya dunia ilipopanda mwaka 2022 yakaanza kupakiwa melini kwa wingi. Malori yake yanapita Masasi mchana na usiku, na barabara imeanza kuyasikia. Mzigo wa Malawi ukianza kushuka Mbamba Bay, utaongezeka juu ya ule wa makaa. Wanaoishi kando ya barabara hiyo wana haki ya kudai mapema maegesho ya malori yenye maji na vyoo, mizani inayofanya kazi, zahanati karibu na vituo vya madereva, na sehemu salama za watoto wa shule kuvukia, kabla foleni ya Tunduma haijahamia kwao.